Kufumua Nyaya za Pikapu Kuukuu

Fundi umeme wa magari katika wilaya za Ngara na Biharamulo hufumua zaidi ya anavyounga. Pikapu kuukuu za huko, Hilux na Land Cruiser za dizeli, mara nyingi hubeba waringi mbili: ile ya kiwandani, na ile iliyorundikwa juu yake na kila aliyewahi kulimiliki gari. Historia ya eneo nayo ina mchango wake. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara kwa muda wa saa 24 hivi, kambi ya Benako ikazaliwa, na magari ya misaada yaliyofuata yalihitaji redio za mawasiliano na antena. Magari ya migodini nayo hufungwa taa ya kuzunguka juu ya paa na king'ora cha kurudi nyuma. Gari la namna hiyo likiuzwa, redio au taa hung'olewa. Waya wake hubaki.

Waya huo uliosahauliwa chini ya zulia huendelea kuwa na moto. Ukisuguana na bati kwenye barabara mbovu, huku hauna fyuzi, unaweza kuunguza gari zima. Hata usipounguza, hunyonya: kifaa kinachovuta nusu ampea huimaliza betri ya ampea-saa 60 kwa siku tano, na stata hugoma mapema zaidi.

Fundi hodari hakimbilii plaizi. Humsikiliza kwanza dereva, maana yeye ndiye ajuaye kama indiketa hufifia honi inapopigwa. Kisha hufungua hasi ya betri na kufuata waya mmoja mmoja mpaka mwisho wake, akiuwekea alama kabla ya kuukata. Rangi humwongoza. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi ni ethi, yaani njia ya kurudi kwenye hasi. Waya ulioongezwa mtaani hauna utaratibu huo: mwekundu unaweza kugeuka bluu chini ya tepu.

Mtego mkubwa uko kwenye taa za mbele. Katika Toyota nyingi za zamani, chanya hufika kwenye balbu kwanza, na swichi hukata upande wa hasi. Anayefunga taa za ziada akidhani swichi inapeleka chanya hupata taa zisizowaka, kisha huanza kukata nyaya nzima kutafuta kosa lililomo kichwani mwake. Hapa ndipo mjuzi anapotofautiana na mbahatishaji.

Ethi yenyewe hudharauliwa kuliko yote. Vumbi jekundu la kiangazi na tope la masika hukaa kwenye boliti inayounganisha bodi na betri, kutu ikaingia, na taa moja ikawa inatafuta njia ya kurudi kupitia nyingine. Kipimo ni rahisi: taa zikiwa zimewashwa, mita huwekwa kati ya hasi ya betri na bodi. Ikisoma nusu volti au zaidi, boliti ifunguliwe, ikwanguliwe mpaka chuma king'ae, ikazwe upya na kupakwa grisi.

Baada ya hapo kujenga ni kazi fupi. Kila kifaa kinachobaki hupewa fyuzi yake karibu na betri: nyekundu kwa ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi ni uzembe usio na utetezi. Taa zenye nguvu hupitishiwa rilei, maungio hushikwa kwa risasi, na nyaya hufungwa mbali na ekzosi. Injini ikiwashwa, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4.

Wenye magari wengi hulipia kifaa kipya bila kinyongo, lakini hubishania bei ya siku nzima ya kuondoa nyaya. Siku hiyo nayo ilipwe, maana ndiyo inayolifanya gari liwake alfajiri huko Rulenge au Nyakahura.