Zima Sauti, Tazama Nyayo

Mwanafunzi wa animesheni akiitwa kuonyesha kazi zake, mara nyingi huleta zote: mpira unaodunda, mtu anayetembea, farasi, joka, gari linalolipuka, dakika tatu nzima zenye muziki juu yake. Anadhani wingi utamtetea. Mpimaji hukumbuka shoti mbovu kuliko zote, kwa kuwa hiyo ndiyo inayomwonyesha jicho la mwanafunzi limefika wapi. Aliyeiacha humo hakuuona ubovu wake.

Ukipewa kazi kama hiyo uipime, zima sauti kwanza. Mdundo wa ngoma huficha pale mwendo ulipopwaya. Kisha tafuta uzito. Tuseme mwanamke ananyanyua ndoo ya maji ya lita 20. Kabla ndoo haijang'oka chini, magoti yakunjike, nyonga zirudi nyuma, mkono unyooke na kukaza, bega la upande ule lishuke. Ikishanyanyuka, kiwiliwili kiegemee upande wa pili na mkono mtupu utanuke kutafuta mizani. Asiyetazama watu huukunja mkono tu, na ndoo ikapaa kana kwamba haina kitu. Hapo hata akichora kila tone linalomwagika, hatuamini. Mwili ukiwa sawa, mistari ya penseli isiyo na rangi inatosha kabisa.

Tazama na nyayo. Mguu uliokanyaga ubaki palepale mpaka utakaponyanyuka; ukiteleza, mhusika anaelea. Weka kidole kwenye skrini kisigino kilipotua, upitishe fremu moja moja. Sekunde ya sinema ina fremu 24, na wengi huchora michoro 12, kila mmoja ukishika fremu mbili. Ukienda taratibu hivyo utaona pia nafasi kati ya mchoro na mchoro. Zikilingana zote, mkono unasogea kama mashine. Zikibanana mwanzoni na mwishoni, zikaachana katikati, mkono unapata nyama na mifupa.

Ninachokithamini kuliko vyote ni utulivu. Katika Luxo Jr., filamu ya Pixar ya 1986 yenye urefu wa dakika mbili hivi, kamera haisogei, na nyuma ya sakafu ya mbao ni giza tu. Taa ndogo ya mezani inaurukia mpira mpaka unaisha upepo, kisha inainamisha kichwa. Haina macho wala mdomo, na bado huzuni yake tunaielewa, kwa sababu imepewa muda wa kukaa nayo.

Ufupi hauzuii uzito wa hoja pia. Ng'endo Mukii wa Kenya alitengeneza Yellow Fever mwaka 2012 akiwa mwanafunzi wa Royal College of Art, London. Ni dakika saba hivi kuhusu wanawake na rangi ya ngozi, na humo michoro imechanganywa na miili ya watu halisi. Ngozi ndiyo hoja yenyewe, kwa hiyo miili ile ina sababu ya kuwepo.

Vyuo vinavyodai idadi ya dakika vinawaumiza wanafunzi wa animesheni. Mimi nikikutana na mmoja wao, humwuliza angeiondoa shoti ipi. Anayeitaja papo hapo, akaeleza na nyonga zilikosea wapi, huyo ningemwajiri hata kama ana sekunde 10 tu za kuonyesha.