Barua, Kipigo na Mimba: Afya ya Msichana katika Rosa Mistika na Kilio Chetu

Riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika (1971), imehakikiwa kwa muda mrefu kama kisa cha malezi mabaya: baba mkali na mlevi anambana bintiye, na binti apatapo uhuru anapotoka. Usomaji huo una ukweli ndani yake. Hata hivyo, neno "upotovu" humsimamisha msichana peke yake kizimbani na kuwaacha nje wanaume waliopitia katika maisha yake.

Mtiririko wa visa wenyewe unadhihirisha jambo tofauti. Penzi la kwanza la Rosa ni barua kutoka kwa Charles, na malipo yake ni kipigo cha Zakaria. Kipigo hicho hakimfunzi Rosa kujilinda bali kuficha. Tangu hapo uhusiano wake na wanaume hauna shahidi wala mshauri. Chuoni, mkuu wa chuo mwenyewe anageuka mpenzi wake. Aliyepewa dhamana ya kumlinda ndiye anayemtumia. Mimba nayo inatolewa kwa siri. Hatimaye Charles, aliyekusudia kumwoa, anamkataa kwa kuwa si bikira, na Rosa anajiua. Ukatili na madhara ya uzazi, basi, si dhamira mbili katika riwaya hii. Ni mnyororo mmoja.

Tamthilia ya Kilio Chetu, iliyotungwa chini ya Medical Aid Foundation katika miaka ya 1990, inalitazama tatizo hili kwa jicho jingine. Suzi anapata mimba na virusi vya UKIMWI kutoka kwa Joti baada ya mamake kukataa katakata kumpa elimu ya jinsia, ilhali Anna, aliyefunzwa nyumbani, ananusurika. Hoja ya tamthilia ni kuwa ujinga huua. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini haijitoshelezi. Maarifa hayamfai msichana ambaye akikataa hasikilizwi, au akitaja kinga hupigwa. Utafiti wa Rachel Jewkes na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet, uliwafuatilia wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 26 katika Jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Ulibainisha kuwa waliotendewa ukatili mara kwa mara na wapenzi wao, pamoja na wale wenye sauti ndogo katika uhusiano, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa virusi.

Katika suala hili, riwaya ya 1971 inaona mbali kuliko tamthilia iliyokuja baada yake. Kilio Chetu inauliza msichana alijua nini. Rosa Mistika inauliza aliweza nini. Si ajabu kwamba riwaya hiyo iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ilitendewa kama barua ya Charles: ilifichwa, na kilichosemwa ndani yake hakikujibiwa.

Uhakiki nao hauna budi kujichunguza. Katika darasa wanamoketi wasichana wa rika la Rosa, mwalimu anayefundisha kwamba Rosa "alijitakia" anawafundisha pia kunyamaza yatakapowafika. Kabla ya kumhukumu mhusika wa kike, mhakiki sharti aulize: nani katika kisa hiki alikuwa na uwezo wa kukataa?