Hiari ya Mwenye Njaa: Uhakiki wa Tamthilia ya Squid Game

Tamthilia ya televisheni ya Squid Game, iliyotungwa na kuongozwa na Hwang Dong-hyuk wa Korea Kusini, ilianza kuonyeshwa Septemba 2021 katika vipindi 9. Watu 456 wenye madeni mazito wanapelekwa kisiwani kushindana katika michezo ya kitoto. Anayeshindwa huuawa, mshindi hupata won bilioni 45.6. Uhakiki huu unaipima sehemu hiyo ya kwanza kwa hali ya Fizi, na swali lake ni moja: je, mtu aliyebanwa na njaa anaweza kusemwa kuwa amechagua?

Mvuto mkuu wa kazi hii uko katika kipindi cha pili, ambacho hakina mchezo wowote. Baada ya mchezo wa kwanza kuua watu 255, waliosalia wanapiga kura, na kwa kura 101 dhidi ya 100 wanarudishwa makwao. Huko wanakuta madeni yaleyale, na Ali, kibarua kutoka Pakistani, anamkuta mwajiri yuleyule asiyemlipa ujira. Watu 187 wanarejea kisiwani kwa miguu yao. Mlango ulikuwa wazi, ila nje hapakuwa na pa kwenda.

Anayeijua Misisi, mji wa dhahabu wilayani Fizi, ataelewa mara moja. Mchimbaji mdogo huingia shimoni bila kushurutishwa na mtu. Lakini mara nyingi chakula na vifaa amekopeshwa, na deni linangoja dhahabu ambayo haijaonekana. Akifukiwa, husemwa kuwa alijitakia. Tamthilia inaifichua hila ya kauli hiyo.

Hata hivyo, kazi hii ina kasoro. Kwanza, wasimamizi wa mchezo hujidai kuwa watu wa haki, hata kumuua daktari aliyepewa siri za michezo. Mtunzi anaidhihaki haki hiyo, lakini fani yake inaikubali: kanuni zinajulikana, na kila kifo kinaongeza won milioni 100 katika chombo cha kioo kinachoning'inia juu ya vichwa vya wachezaji. Shimoni hakuna anayeweka hesabu hiyo, wala zawadi iliyoahidiwa. Dhuluma imepewa unadhifu ambao kwa kweli haina.

Pili, mwishoni mzee Oh Il-nam anadhihirika kuwa mwenye mchezo, tajiri aliyechoshwa na maisha. Kosa la mfumo mzima linakuwa tabia ya mtu mmoja. Ilhali jibu bora lilikwishatolewa katika historia ya mhusika mkuu, Gi-hun, mfanyakazi aliyefukuzwa kiwandani, ambaye mtunzi alimchora kwa kuzingatia mgomo wa Ssangyong wa mwaka 2009.

Tatu, matajiri waliovaa vinyago wamechorwa kijuujuu, na mtazamaji anaketi karibu nao akifurahia taharuki ileile. Mwaka 2023 kampuni ya Netflix ilitoa shindano halisi la watu 456, bila vifo, kwa mtindo uleule. Kejeli iligeuka biashara ya kile ilichokikejeli.

Pamoja na hayo, kipindi cha pili kinastahili kufundishwa. Kinaonyesha kwamba kabla ya kumhukumu mtu kwa njia aliyoichagua, ni lazima kwanza kuhesabu njia alizokuwa nazo.