Aliyekimbia Naye Aliogopa

Toni inalia. Panya jike anachomoka kona moja ya kisanduku, anaifikia ya pili kama mshale, anasimama. Programu ya kamera haijali mbio zile; inajumlisha sekunde alizoganda, inapata chache, na mtafiti anaandika kwamba jike huyu hakujifunza hofu sawasawa. Huu ni uamuzi mbovu. Mnyama anayetimka akisikia sauti iliyotangulia shoti ya jana ameikumbuka shoti hiyo vizuri sana.

Tazameni hasara ya uamuzi huo siku ya kuzima hofu, toni inaporudiwa bila shoti. Mstari wa kuganda wa jike unaanzia chini, kwa hiyo hauna pa kushukia. Mmoja atasema hofu imezimika upesi, mwingine atasema haikuwahi kuwapo, na wote wawili wamesoma namba isiyomtofautisha aliyekimbia na aliyesahau. Linganisha dume na jike kwa kipimo hicho, na unachopima ni nani anapenda kuganda.

Mwaka 2015 timu ya Rebecca Shansky, Chuo Kikuu cha Northeastern, Boston, ilihesabu mbio hizo kwa panya wakubwa wa maabara: zaidi ya asilimia 40 ya majike walitimka, madume kama asilimia 10. Kazi safi.

Mwanasaikolojia Robert Bolles aliliandika jambo hili tangu 1970: mnyama aliye hatarini huganda, hukimbia au hupigana. Yeye alimtazama mnyama mzima. Sisi tumeiachia kamera itutazamie, tena kwa kizingiti kimoja cha mwendo.

Na kile kisingizio kwamba mzunguko wa uzazi huvuruga vipimo, ambacho sitachoka kukipinga, kiliwaweka majike nje ya maabara miaka mingi. Mwaka 2014 Prendergast, Onishi na Zucker walipitia makala 293 za panya wadogo, wakakuta vipimo vya majike havitawanyiki zaidi kuliko vya madume, hata mzunguko usipofuatiliwa. Kweli mzunguko hugusa kuzimika kwa hofu. Basi upimwe, jike abaki ndani.

Wanawake hupata maradhi ya kiwewe takriban mara mbili ya wanaume, na tiba yao inatafutwa kwenye visanduku hivi. Wenye maabara, video za zamani mnazo. Zifungueni, mzihesabu upya mbio za majike.