Mistari ya Mshazari Mpakani

Watu husifu ramani ya jengo kwa kile kitakachojengwa. Mimi hutazama kwanza kisichojengwa: ile sehemu iliyopigwa mistari myembamba ya mshazari na kuandikwa NIC, yaani haimo katika mkataba. Hapo ndipo mkono wa mchoraji hujulikana.

Busia na Malaba, miji ya mpakani mwa Kenya na Uganda, humnoa mchoraji vilivyo. Chukua kiwanja cha maduka Malaba, kando ya barabara kuu ya A8. Mbele yake kuna hifadhi ya barabara, na kila mwenye nyumba anajua maana ya X nyekundu ukutani: jengo litabomolewa. Kwingine ni ardhi ya reli, kisha mto Malaba, na ng'ambo ni Uganda. Busia nako, tangu kituo cha pamoja cha mpakani kizinduliwe rasmi Februari 24, 2018, lori linalotoka Kenya hukaguliwa upande wa Uganda na maafisa wa nchi zote mbili. Linaloingia hukaguliwa huku kwetu. Jengo lililo kwenye ardhi ya Kenya lina maafisa wa Uganda ndani yake. Ukiitwa kubadilisha kaunta chache katika jengo la namna hiyo, karibu ramani yote ni kazi isiyo yako, na huwezi kuifuta. Mkandarasi lazima aone abiria wanaingilia wapi, nyaya zinapita wapi, lori linageukia wapi.

Anayeanza kazi hufunika sehemu hiyo kwa kiraka cheupe, akadhani amemaliza. Mjuzi hutumia kiraka kinachopenyeka kwa macho. Kuta na nguzo zilizo chini yake hufifia lakini husomeka, na juu yake mistari hupita kwa pembe moja, kwa nafasi moja. Katika Revit, programu ya kuchorea majengo iliyotoka mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk 2002, kuna aina mbili za mistari hiyo. Moja hufuata vipimo vya jengo, kama vigae vya sakafu. Ukitoka kipimo cha 1:100 kwenda 1:50, nafasi zake huongezeka maradufu kwenye karatasi. Nyingine hubaki vilevile kwenye karatasi. Mjuzi huchagua hii ya pili, ili karatasi ya kwanza na ya ishirini zizungumze lugha moja.

Ugumu hasa uko kwingine. Kiraka hicho huishi katika mchoro mmoja tu. Ukikiweka kwenye ramani ya sakafu, hakionekani kwenye ramani ya dari wala kwenye mkato. Tena hufunika macho bila kugusa hesabu: kuta zilizo chini yake bado zinahesabiwa kwenye jedwali la vipimo, na mkadiriaji gharama akilichukua jedwali hilo jinsi lilivyo, mteja atawekewa bei ya ukuta ambao hakuna atakayeujenga. Kwa hiyo mchoraji stadi hurudi kwenye modeli yenyewe. Kila ukuta, mlango na dirisha hupewa jibu la ndiyo au hapana: umo katika kazi, haumo. Vichujio vinavyosoma jibu hilo hubadilisha wino kwenye michoro na kuuondoa ukuta kwenye jedwali. Ni kazi ya kuchosha, na hakuna mteja aliyewahi kuisifu.

Kisha ukingo. Mstari wa mpaka ukipita katikati ya ukuta, plasta ya upande wa pili ni ya nani? Na mlango ulio kwenye ukuta huo, fremu yake? Nimeona ramani nzuri zikinyamaza hapo, na mafundi wakajibizana saiti nzima. Mchoraji ninayemheshimu huusogeza mstari hadi kwenye uso wa ukuta uliokwisha kupigwa plasta, kwa uangalifu wa fundi cherehani na chaki yake, kisha huandika kando nani atafanya kilichobaki: mkandarasi mwingine, mwenye jengo, au mamlaka ya barabara. NIC tupu haimtoshi, maana inasema kazi si yetu bila kusema ni ya nani.

Basi ukiletewa ramani ya duka lako la Busia au Malaba, kabla ya kutia sahihi tafuta mistari ya mshazari, fuata ukingo wake kwa kidole, na uulize ni nani atakayelipia upande wa pili.