Vocha za Jua Kali na Funzo Lake kwa Vikundi vya Makongeni

Ombi la kawaida la kikundi cha mtaani kwa ofisi ya serikali huwa hivi: tupeni kiasi fulani cha pesa, nasi tutafundisha vijana wetu ushonaji, uchomeleaji au ususi. Linapigwa muhuri, linapelekwa kwa heshima, kisha linakaa. Wanachama husema wamenyimwa kwa kuwa hawana mtu wao huko juu. Yawezekana. Lakini kuna sababu nyingine isiyosemwa: pesa za umma za mafunzo ya kazi nchini Kenya kwa kawaida hazipitii akaunti ya kikundi. Humfuata kijana anayefundishwa, au humlipa mkufunzi aliyeidhinishwa. Kikundi kinachoomba kuwa mfuko wa pesa kinaomba nafasi ambayo haipo.

Nafasi iliyopo iko katikati, kati ya kijana na mkufunzi, na ilishawahi kujaribiwa hapa kwetu kwa upana.

Mwaka 1994 Kenya ilipata mkopo wa Benki ya Dunia kwa ajili ya mafunzo na teknolojia ya biashara ndogo. Pesa zake zililipia vocha za mafunzo, zilizoanza kutolewa mwaka 1997. Mwenye kibanda cha jua kali, au mfanyakazi wake, alinunua vocha kwa asilimia 10 ya thamani yake, na mradi ukalipa iliyobaki. Akitaka vocha ya pili, mchango wake ulipanda. Vocha aliipeleka kwa mkufunzi aliyemchagua mwenyewe miongoni mwa waliosajiliwa, na mkufunzi akalipwa kwa vocha hiyo.

Nani alizigawa? Serikali haikuwa na mikono ya kufikia kila kibanda, kwa hiyo kazi ya kutangaza mpango, kueleza masharti na kutoa vocha ilipewa mashirika yaliyo karibu na mafundi, vikiwemo vyama vya jua kali, kwa malipo madogo ya kamisheni. Hapo ndipo chama cha mtaani kilipopata pesa halali za umma. Kililipwa kwa kuwajua watu wake.

Matokeo yaliwashangaza hata waliobuni mpango. Ilitazamiwa kwamba vyuo ndivyo vingechukua wanafunzi wengi. Badala yake wenye vocha walimiminika kwa mafundi stadi wa jua kali wenyewe, watu waliofundisha karakana kwa karakana, kwa saa zinazomfaa mtu anayetafuta riziki mchana. Hadi mradi unafungwa mwaka 2002, zaidi ya watu 37,000 walikuwa wamepata mafunzo. Ni idadi ya kujivunia.

Kasoro zake nazo zilikuwa nzito. Miaka 3 ilipita kati ya mkopo na vocha ya kwanza. Uendeshaji ulikuwa ghali. Mtoa vocha na mkufunzi wakielewana pembeni, karatasi ingeweza kulipwa bila mtu kufundishwa, na mpango wa aina hiyo hauna kinga isipokuwa daftari safi na ukaguzi. Kubwa kuliko zote ni kwamba mkopo ulipoisha, vocha ziliisha nazo. Hakuna aliyekuwa amezipandisha kutoka mradi wa wafadhili hadi bajeti ya kila mwaka.

Miradi iliyofuata ilibadilisha njia, si mantiki. KYEOP, mradi wa ajira na fursa kwa vijana uliogharimiwa na mkopo wa dola milioni 150 tangu 2016 hadi 2023, ulilenga vijana wa miaka 18 hadi 29 ambao hawakuvuka kidato cha nne. NITA, Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ndiyo iliyosimamia mafunzo, na mafundi stadi wa jua kali walikuwa tena miongoni mwa wakufunzi. Baadaye ukaja NYOTA, mradi wa kitaifa wa fursa kwa vijana. Ruzuku yake ya biashara ni shilingi 50,000 kwa kijana, iliyoanza kutolewa Novemba 2025 kwa hesabu ya vijana 70 kwa kila wadi. Katika miradi yote miwili mwombaji ni kijana mwenyewe, kwa kitambulisho chake na simu yake.

Tofauti na enzi ya vocha ni kwamba safari hii hakuna anayekilipa kikundi kuwa katikati. Ndiyo maana vikundi vingi vimejitoa, na hapo nadhani vinakosea. Kijana wa Makongeni, Nairobi, anayetumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mamake anaweza kuangushwa na jambo hilo tu. Asiye na kitambulisho hayumo kabisa. Kazi ya kuyanyoosha haya kabla dirisha la maombi halijafunguliwa haihitaji mfadhili. Inahitaji orodha: nani ana umri gani, aliishia darasa gani, anataka kazi gani, ana karatasi zipi. Kikundi chenye orodha hiyo huwa tayari siku dirisha linapofunguliwa.

Upande wa pili ni fundi. Makongeni imezungukwa na karakana, tangu Shauri Moyo na Kamukunji hadi Viwandani ng'ambo ya reli, na ofisi kuu ya NITA iko hapo hapo Industrial Area. Wapo mafundi wenye miaka 20 ya kazi ambao hawana hata cheti cha mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu, hivyo hawawezi kuaminiwa rasmi kuwa wakufunzi. Kikundi kikiwashika mkono mafundi wachache wakafanya mtihani huo, pesa za mradi unaofuata zitalipa karakana za mtaani badala ya chuo cha mbali. Kwangu hili ni la maana kuliko ndoto ya kukodi ukumbi na kuuita chuo. Sheria ya mafunzo ya kiufundi ya 2013 hairuhusu chuo kuendeshwa bila idhini.

Usajili wa vikundi pia umebadilika. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba na viongozi waliochaguliwa. Bila cheti cha usajili hakuna ofisi itakayokuchukulia kwa uzito.

Kuna pesa nyingine ambazo hazitegemei mkopo wowote. Katiba ya 2010 iliyapa magatuzi vyuo vya ufundi vya vijijini, vinavyoitwa sasa vituo vya mafunzo ya kiufundi, na Nairobi ni gatuzi kama mengine. Wengi huhudhuria kikao cha maoni kuhusu bajeti ya gatuzi wakati makadirio ya bajeti yameshawasilishwa, na makadirio yana makataa ya Aprili 30. Wakati huo viwango vya kila idara vimeshawekwa katika taarifa ya mkakati wa fedha, ambayo makataa yake ni Februari 28, na miradi imeshaorodheshwa katika mpango wa mwaka unaowasilishwa kufikia Septemba 1. Anayefika Mei kuomba cherehani kwa kituo cha mafunzo anaomba kutoka mfuko ulioshonwa.

Makongeni ina haraka ya pekee. Nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli zimeingizwa katika mpango wa nyumba za bei nafuu, na familia nyingi zimetakiwa kuhama. Nafasi za NYOTA huhesabiwa kwa wadi, na kikundi kilichotawanyika hupoteza orodha yake kwanza, kisha sauti yake. Viongozi wa vikundi, andikeni majina ya wanachama na nambari zao za simu sasa, pamoja na mahali alipohamia kila mmoja, na mfike na madai yenu ya mafunzo katika ofisi za gatuzi kabla ya Septemba 1.