Alivyofundisha Desfossés bila kushika brashi ya mwanafunzi

Mwalimu anayepita nyumba kwa nyumba jioni huko Katuba, Lubumbashi, anajulikana kwa kazi moja: mtoto apite mtihani wa kumaliza shule ya msingi, au mkubwa wake apate diploma ya Examen d'État, mtihani wa kumaliza sekondari. Mzazi analipa, mwalimu anarudia somo la asubuhi, mtoto ananakili. Matokeo yakitoka, mtaa mzima unajua kama fedha ilikwenda bure au la.

Mji huuhuu wa Lubumbashi, ulipokuwa bado ukiitwa Elisabethville, uliwahi kuwa na mwalimu binafsi wa namna nyingine kabisa. Hakuwa na mtihani, na kunakili kulikuwa mwiko kwake. Wanafunzi wake watatu, Bela Sara, Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga, hawakosekani leo katika historia yoyote ya maana ya uchoraji wa Kongo.

Mwalimu huyo ni Pierre Romain-Desfossés, Mfaransa aliyezaliwa Brest mwaka 1887 na kupitia jeshini. Alipoanzisha karakana yake mwaka 1946, iliyozoeleka kwa jina la Hangar, alikuwa anakaribia miaka 60. Kilichomsukuma kilikuwa hofu. Aliamini kwamba mkono wa Mwafrika ulikuwa unaharibiwa na shule za Wazungu, ambako kuchora kulikuwa kuiga picha ya mwalimu, na mwenye kuiga vizuri ndiye aliyesifiwa.

Katanga ilikuwa imeshaona jaribio la jinsi hiyo. Mwaka 1926, huko Bukama, Mbelgiji Georges Thiry alivutiwa na michoro ya Albert Lubaki kwenye kuta za nyumba, akampa karatasi na rangi za maji. Miaka mitatu baadaye kazi hizo zilikuwa zinaoneshwa Brussels. Lakini Thiry alimpa mtu vifaa tu, basi. Desfossés alitaka kukaa na wachoraji siku baada ya siku, na hapo ndipo penye swali la ufundi: unamfundishaje mtu huku umeapa kutomwonesha lolote?

Jibu linalorudiwa sana ni kwamba hakufundisha kitu, aliwaachia tu. Ukizitazama kazi zenyewe kwa makini, jibu hilo halisimami.

Tuanze na mikono, maana hapo ndipo alipofaulu. Bela, mtu wa kabila la Sara kutoka Chad, alikuwa mfanyakazi wake kabla ya kuwa mwanafunzi wake. Alichora kwa ncha za vidole. Alichovya kidole kwenye rangi na kugusa karatasi, tena na tena, hadi nukta zikawa mti, mnyama, mtu anayekimbia. Mwalimu wa shule ya kawaida angempa brashi na kumfundisha kuishika. Desfossés hakufanya hivyo.

Pilipili, aliyezaliwa mwaka 1914, alienda njia nyingine. Ndege, samaki, mamba, nyoka na kanga wake wana mistari safi ya kingo, na nyuma yao kila nafasi imejazwa alama ndogondogo zilizopangwa kwa subira. Ndege akilisha makinda, majani yanayomzunguka yamepewa uangalifu uleule aliopewa yeye.

Mwenze, kijana kuliko Pilipili (alizaliwa 1925), ndiye fundi mgumu zaidi kumweleza. Picha yake imejengwa kwa vistari vifupi sambamba, katika rangi chache za udongo. Mwindaji na pori vinatokana na vistari vilevile. Kinachomtenga mwindaji ni mwelekeo: hapa vistari vinalala, pale vinasimama, na pale vinapokutana umbo linajitokeza. Huelezwa kwamba baba yake alikuwa mfumaji, na mtu akiitazama picha kwa karibu haoni sababu ya kubisha.

Mikono mitatu, basi, wala hakuna anayeweza kuichanganya. Karakana ambayo mwalimu anatembea na kusahihisha mistari haitoi matokeo hayo.

Sasa tazama yanayofanana. Mara nyingi hakuna mstari wa mbali unaotenga mbingu na nchi. Vivuli ni vichache mno. Karatasi imejazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Na mada karibu daima ni wanyama, pori, uwindaji, uvuvi. Watu hawa waliishi katika mji wa shaba, chini ya bomba la moshi la Union Minière, kampuni ya migodi, kati ya reli, baiskeli, baa na askari polisi. Vitu hivyo karibu havionekani. Sitaki kuamini kwamba wachoraji wote hao, kila mmoja kwa hiari yake, hawakuuona mji.

Hapo ndipo somo lilipofichwa. Desfossés alifundisha kwa kuchagua: ni karatasi ipi ya kusifiwa, ipi ya kuoneshwa kwa wageni, ipi ya kuuzwa. Wanunuzi walikuwa hasa Wazungu, nao walikuwa na hamu ya Afrika isiyo na bomba la moshi. Mwanafunzi mwerevu hahitaji kuambiwa mara mbili. Na aliwaita watoto wake, ingawa Pilipili alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 30.

Huko kwenye vitongoji vya Waafrika, Katuba ikiwemo, picha za sebuleni zilikuja kuwa nyingine. Kufikia miaka ya 1970 watu walining'iniza mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, mwenye ahadi ya utajiri. Au Colonie Belge, mfungwa akichapwa viboko mbele ya ofisa wa Kibelgiji. Wachoraji wa picha hizo walijifunza kwa njia ileile aliyoikataza Desfossés: kutazama kazi ya mwenzako, kuirudia, kuibadilisha kidogo, kuiuza kwa jirani. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947, alitoka katika shule hiyo isiyo na mlango. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja, na ndani yake mji umejaa: migodi, bendera, risasi, Lumumba.

Kunakili, kumbe, hakukuua ubunifu. Desfossés alikosea kuhusu ugonjwa, ingawa dawa yake ilizaa matunda.

Alifariki mwaka 1954 na Hangar haikudumu baada yake. Pilipili na Mwenze waliingia katika Akademia ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens mwaka 1951, wakawa walimu huko. Mwenze alifariki 1999, Pilipili 2007. Mwaka 2015 kazi zao na za Bela zilitundikwa Paris, Fondation Cartier, katika maonesho ya Beauté Congo, pamoja na zile za Lubaki wa Bukama.

Kama mwalimu wa mkono, Desfossés hana mpinzani katika Katanga ya wakati wake. Kama mwalimu wa jicho, aliwafungia wanafunzi wake dirisha lililotazama mji waliokuwa wakiishi.